Joto, Baridi na Reguleta: Jinsi Betri ya Gari Ilivyopata Msimamizi Wake

Betri ya risasi na asidi, ambayo Gaston Planté aliiunda nchini Ufaransa mwaka 1859 na ambayo Camille Faure aliifungulia njia ya viwandani mwaka 1881 kwa kupaka oksidi ya risasi juu ya plati, ilitumika kwa miongo kadhaa katika maabara, vituo vya simu na mitambo ya umeme kabla ya kupewa kazi ngumu kuliko zote, yaani kuishi ndani ya gari. Katika kituo cha umeme betri ilikaa kwenye chumba chake, ikapimwa kila siku na mtu aliyelipwa kwa kazi hiyo, ambaye aliongeza chaji ilipopungua na kuikata majimaji yalipoanza kutoa mapovu. Ndani ya gari msimamizi huyo hakuwepo. Ilibidi nafasi yake ichukuliwe na kifaa, yaani reguleta, na kifaa hicho kilipaswa kufanya kazi kando ya injini yenye moto, katika nchi ambazo Januari yake ni barafu na Julai yake ni jua kali, kikihukumu hali ya betri ambayo hubadilika kwa kila nyuzi ya joto. Historia ya kifaa hicho, tangu mwaka 1912 hadi kuingia kwa altaneta, kwa sehemu kubwa ni historia ya kupambana na joto, na ugumu wake mkubwa ulikuwa kwamba kifaa chenyewe, kikiachwa kilivyo, huitikia joto kinyume kabisa na matakwa ya betri.

Ili kuelewa matakwa hayo, ni lazima kuangalia kinachotokea ndani ya seli. Betri inapotoa umeme, risasi ya plati hasi na oksidi ya risasi ya plati chanya huungana na asidi ya salfuriki na kugeuka kuwa salfeti ya risasi, na inapochajiwa mwendo huo hurudishwa nyuma. Kama mabadiliko mengine ya kikemia, haya nayo huenda upesi penye joto na kwa kusitasita penye baridi, kwa kuwa asidi iliyopoa huwa nzito na hupenya polepole katika vitundu vya plati. Betri iliyojaa ambayo imepoa hadi nyuzi 18 chini ya sifuri kwa kipimo cha Selsiasi hutoa takriban asilimia 40 tu ya nguvu inayotoa kwenye nyuzi 27, ilhali injini, ambayo oili yake imegandaganda, huhitaji nguvu kama mara mbili na nusu ili izunguke. Betri ile ile ikiachwa bila chaji hukutwa na balaa jingine: asidi iliyojaa nguvu haigandi hata kwenye baridi ya nyuzi 60 chini ya sifuri, lakini asidi iliyoishiwa, ambayo msongamano wake umeshuka hadi karibu 1.100 ukilinganishwa na maji, huganda kwenye nyuzi 7 hivi chini ya sifuri na kupasua kasha.

Upande wa joto madhara ni ya aina nyingine. Seli inayochajiwa hujenga volti inayopingana na ile inayoisukuma, na ikifikia karibu volti 2.4 kwenye nyuzi 25, umeme unaoendelea kuingia haujengi tena chochote kwenye plati bali huvunja maji kuwa hidrojeni na oksijeni. Kiwango hicho hushuka kadiri seli inavyopata joto, kwa milivolti 3 hadi 5 hivi kwa kila nyuzi, kiasi kinachoonekana kidogo mpaka kihesabiwe: kwa betri ya volti 6 yenye seli tatu, tofauti kati ya asubuhi ya nyuzi 10 chini ya sifuri na mchana ambapo betri imefika nyuzi 40 ni kati ya karibu nusu volti na robo tatu ya volti. Volti inayoifaa betri ya asubuhi hiyo huiunguza betri ya mchana. Tena betri yenye joto hupinga kidogo, hivyo hupokea umeme mwingi zaidi, umeme huo huiongezea joto, na joto hulegeza upinzani wake tena, mpaka maji yakauke na plati zipinde. Mafundi wa miaka ya 1920 waliichukulia nyuzi 43 kuwa mpaka usiopaswa kuvukwa wakati wa kuchaji, kwa sababu plati zilitenganishwa kwa vibao vyembamba vya mbao, na asidi yenye joto huila mbao.

Mambo haya hayakuwa na uzito kwa mwenye gari hadi pale betri ilipokabidhiwa kazi ya kuwasha injini. Charles F. Kettering na wenzake wa kampuni ya Delco, mjini Dayton katika jimbo la Ohio, ndio waliounda mfumo wa stata ya umeme uliofungwa kwenye magari ya Cadillac ya mwaka 1912, na mfumo huo ulikuwa mzunguko uliokamilika: betri inazungusha injini, injini inazungusha dinamo, na dinamo inairudishia betri kile ilichotoa. Hapo ndipo swali la udhibiti lilipoanza, kwani dinamo iliyofungwa kwenye injini huongeza volti kadiri injini inavyokwenda mbio, na dereva hawezi kuombwa aendeshe kwa mwendo mmoja kwa ajili ya betri yake.

Majibu ya kwanza yalikuwa mengi na mengine ya ajabu. Delco wenyewe walitumia kwa muda reguleta ya zebaki, ambayo ndani yake kipande cha chuma kiliinuliwa na koili ya sumaku na kupandisha ukinzani kutoka kwenye zebaki. Ward Leonard alitengeneza reguleta ya kutetemeka iliyoshughulika na kiasi cha umeme na si volti. Lakini ubunifu unaostahili kusimuliwa kwa kirefu ni wa Rushmore, wa Plainfield katika jimbo la New Jersey, ambaye kiwanda chake kilinunuliwa na Bosch mwaka 1914, kwa sababu yeye hakulikimbia joto bali alilifanya mtumishi. Dinamo yake ilikuwa na koili ya kupinga, yaani koili iliyozungushwa ili kudhoofisha sumaku ya dinamo, na kando yake uliwekwa waya wa chuma ulioupa umeme njia rahisi ya kupita. Chuma kina tabia ya kuongeza ukinzani ghafla kikikaribia kuwa chekundu kwa moto. Kwa hiyo umeme ulipozidi kiasi kilichopangwa, waya uliwaka, njia yake ikawa nyembamba, na umeme uliobaki ukasukumwa kwenye koili ya kupinga, nayo dinamo ikanyamaza. Hakukuwa na kitu kinachotikisika, hakukuwa na pointi za kuungua. Pamoja na uzuri huo, waya wa Rushmore ulijua tu wingi wa umeme unaopita; haukujua kama betri imejaa, wala kama nje ni Januari au Julai.

Njia iliyoshinda nyingine zote kwa bei, na kwa sababu hiyo ikatawala hadi katikati ya miaka ya 1930, ilikuwa brashi ya tatu. Dinamo ya kawaida ina brashi mbili za kaboni zinazopokea umeme kutoka kwenye sehemu inayozunguka. Katika aina hii iliongezwa ya tatu, iliyolisha koili za sumaku peke yake. Dinamo inapozunguka kasi na kutoa umeme mwingi, umeme huo wenyewe huupotosha uga wa sumaku, na mahali ilipo brashi ya tatu volti hupungua, hivyo sumaku hulegea na dinamo hujizuia. Utoaji wake hupanda hadi mwendo wa wastani wa gari kisha hushuka polepole mwendo unapozidi. Ilikuwa rahisi, imara, na haikuwa na akili yoyote. Betri tupu na betri iliyojaa zilipewa karibu kiasi kile kile cha umeme, na ile iliyojaa haikuwa na la kufanya ila kuchemka. Madereva wa safari ndefu za kiangazi walizoea kuwasha taa za mbele mchana kweupe, si kwa ajili ya kuona, bali ili umeme wa ziada upate pa kwenda.

Kwa kuwa mashine haikuyajua majira, kazi ya kuyajua ilirudishwa kwa binadamu. Brashi ya tatu iliwekwa kwenye kipande kinachosogezwa, na desturi ya gereji ikawa kuisogeza mara mbili kwa mwaka: mbele kuelekea mzunguko wa dinamo wakati wa baridi ili chaji iongezeke, na nyuma wakati wa joto ili ipungue. Maelekezo ya Ford kwa wenye Model A, gari lililoanza kuuzwa mwishoni mwa mwaka 1927, yalishauri chaji ishushwe hadi ampea 8 kwa mtu wa safari ndefu za mchana, na ipandishwe hadi ampea 14 kwa mtu wa safari fupi za kusimamasimama ambaye betri yake huishiwa. Nchini Uingereza, ambako kampuni ya Joseph Lucas ya Birmingham iliuza vifaa vya umeme kwa viwanda vingi vya magari, jambo hilo lilipelekwa kwenye dashibodi: swichi ilikuwa na nafasi ya majira ya joto, ambayo iliingiza kinzani kwenye koili za sumaku na kupunguza chaji, na nafasi ya majira ya baridi, ambayo iliiachia dinamo nguvu zake zote. Kuna unyofu fulani katika swichi hiyo. Mhandisi aliyeibuni alikiri waziwazi kwamba kalenda ni sehemu ya mfumo wa umeme, na kwamba mtu wa kuisoma ni dereva. Ubovu wake nao uko hapo hapo, kwa maana dereva husahau, na kosa la Oktoba huonekana Januari.

Kampuni ya Remy ya Marekani ilijaribu kumwondolea dereva mzigo huo kwa kuingiza themostati ndani ya dinamo yenyewe. Themostati hiyo ilikuwa utepe wa metali mbili zilizounganishwa mgongo kwa mgongo, moja ikitanuka kwa joto kuliko nyingine, hivyo utepe hupinda unapopata moto. Dinamo ilipofika karibu nyuzi 80, utepe ulipinda, ukatenganisha pointi zake, na umeme wa koili za sumaku ukalazimika kupita kwenye kinzani, jambo lililopunguza chaji kwa kiasi kikubwa. Matokeo yake yalikuwa bora kuliko yanavyosikika. Mwanzoni mwa safari dinamo ikiwa baridi, betri ilirudishiwa upesi umeme uliotumiwa na stata. Baadaye, dinamo ikishapata moto, chaji ilishuka. Majira ya baridi dinamo ilichelewa kupata moto, pengine isiupate kabisa, na chaji ikabaki juu, ambavyo ndivyo betri iliyopoa ilivyotaka. Hata hivyo kilichopimwa kilikuwa joto la dinamo na si la betri, na dinamo inaweza kuwa ya moto kwa sababu imefanya kazi kubwa ya kuichaji betri ambayo bado ni tupu.

Kilichoiangusha brashi ya tatu si wahandisi kuichoka, bali magari kubadilika. Mwaka 1919 gari lililofunikwa lilikuwa kama moja kati ya kumi yaliyotengenezwa Marekani, na wamiliki wengi wa magari ya wazi waliyaweka bandani theluji ilipoanza. Kufikia mwaka 1927 yaliyofunikwa yalikuwa zaidi ya robo tatu. Gari lenye paa na vioo lilitembea mwaka mzima, likawashwa kwenye baridi kali asubuhi, likaendeshwa usiku taa zikiwaka, na tangu mwaka 1930, redio za Motorola zilipoingia sokoni, likawa pia na kitu cha kula umeme hata lilipoegeshwa. Dinamo kubwa zaidi ilihitajika, na dinamo kubwa isiyojua kuacha ni hatari kwa betri. Dawa iliyochaguliwa ilikuwa imekwisha kujulikana: reguleta ya volti ya kutetemeka, ambayo kanuni yake ilitumika katika vituo vya umeme tangu mwanzo wa karne ya 20, kwenye reguleta za Tirrill, na ambayo Bosch walikuwa wameijumuisha katika mfumo wao wa taa za magari wa mwaka 1913. Sasa ilipaswa kutengenezwa kwa mamilioni na kwa bei ndogo.

Muundo wake ni huu. Koili ya waya mwembamba wa shaba huunganishwa kwenye volti ya dinamo na kuwa sumaku. Juu yake kuna kipande cha chuma kinachoshikiliwa na springi, chenye pointi zinazogusana. Volti ikifika kiwango kilichopangwa, sumaku huishinda springi, pointi huachana, kinzani huingia kwenye njia ya koili za sumaku za dinamo, volti hushuka, springi hurudisha pointi, na hivyo hivyo mara nyingi kwa sekunde. Tofauti na brashi ya tatu, kifaa hiki huisikiliza betri: betri tupu huishusha volti na kupewa umeme mwingi, betri iliyojaa huipandisha na kupewa kidogo.

Tatizo limo ndani ya shaba. Ukinzani wa waya wa shaba huongezeka kwa takriban asilimia 0.39 kwa kila nyuzi moja ya joto. Koili iliyopangwa kuvuta kwenye volti 7.4 ikiwa na nyuzi 20, ikifika nyuzi 80, jambo la kawaida chini ya boneti, huwa imeongeza ukinzani kwa karibu robo; umeme unaopita ndani yake hupungua kwa uwiano huo, na ili sumaku ipate nguvu ile ile, volti ya dinamo hulazimika kupanda hadi zaidi ya 9. Kwa maneno mengine, reguleta isiyofanyiwa marekebisho huipandishia betri volti kadiri joto linavyozidi, wakati betri hutaka ishushiwe, na huipunguzia wakati wa baridi, wakati betri hutaka iongezewe. Kifaa kilichobuniwa kuilinda betri kingeiua upesi kuliko brashi ya tatu iliyokejeliwa.

Marekebisho yalikuja kwa hatua mbili. Ya kwanza ilikuwa kuizimisha shaba: koili ilizungushwa kwa waya mchache wa shaba na kuunganishwa na kinzani cha aloi kama manganini au konstantani, ambazo tangu mwishoni mwa karne ya 19 zilijulikana kwa ukinzani usiobadilika na joto, hivyo badiliko la shaba likawa sehemu ndogo ya jumla. Hatua hiyo ilipunguza kosa bila kuligeuza. Ya pili ndiyo iliyoligeuza. Bawaba au springi ya kipande cha chuma ilitengenezwa kwa utepe wa metali mbili, wa jamii ile ile ya themostati ya Remy, uliopangwa kulegea unapopata joto, hata sumaku dhaifu zaidi ikaweza kuishinda. Nguvu ya utepe ilichaguliwa ili kwanza ifute kosa la shaba, kisha ivuke na kuishusha volti zaidi, kwa kiasi kinachokaribia kile cha betri. Watengenezaji wengine walifikia lengo hilo kwa kuweka kando ya koili kipande cha aloi ya nikeli na chuma ambayo, ikipoa, hupitisha sumaku kwa wingi na kuiiba kutoka kwenye kazi yake, na ikipata joto huacha wizi huo. Aloi za nikeli na chuma zilikuwa zimechunguzwa kwa kina na Charles Édouard Guillaume, aliyegundua inva mwaka 1896, aloi isiyotanuka karibu hata kidogo, na kupewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1920. Alizitafuta kwa ajili ya vipimo vya urefu na saa, lakini fundi wa magari alifaidika nazo.

Lucas waliingiza reguleta yao ya volti katikati ya miaka ya 1930, na miaka mingi baadaye visanduku vyao vya aina ya RB106 vilisambaa na magari ya Uingereza hadi Afrika Mashariki, ambako Land Rover na malori ya serikali yalipanda kutoka Mombasa, usawa wa bahari, hadi Limuru yenye urefu wa zaidi ya mita 2,000. Jedwali la mojawapo ya visanduku hivyo linaonyesha marekebisho ya joto kwa takwimu: volti iliyopimwa bila mzigo ilipaswa kuwa kati ya 16.1 na 16.7 kwenye nyuzi 10, na kati ya 15.3 na 15.9 kwenye nyuzi 40. Maelekezo yale yale yalimtaka fundi amalize kurekebisha ndani ya sekunde 30, kwa sababu baada ya hapo koili hupata joto la umeme wake yenyewe na kipimo huwa cha uongo. Fundi asiyejua sababu alirekebisha taratibu, akaridhika na mizani, na gari likarudi baada ya wiki betri ikiwa kavu. Kwa nchi za joto zinazozidi nyuzi 27 kwa kawaida, Lucas waliagiza pia asidi iwe nyepesi, ya msongamano wa 1.210 hadi 1.230 badala ya 1.270 hadi 1.290 ya nchi za baridi, kwa kuwa kwenye joto asidi hafifu hutosha kuwasha injini na haizili plati kwa pupa. Maji ya betri ya Mombasa na ya Birmingham, kwa hiyo, hayakupaswa kuwa mamoja, na huenda betri nyingi za Pwani zilikufa mapema kwa kujazwa asidi ya nchi nyingine.

Altaneta, mrithi wa dinamo, ilipoingia katika magari ya kawaida kwa Valiant ya Chrysler mwaka 1960, ilijizuia yenyewe isizidishe ampea, na koili za kudhibiti wingi wa umeme zikawa hazina kazi. Udhibiti wa volti haukuondoka, na wala kipimo chake cha joto hakikuondoka; transista zilipochukua nafasi ya pointi, themista, yaani kinzani kinachobadilika kwa joto, ilichukua nafasi ya utepe wa metali mbili. Kasoro iliyobaki ilikuwa ile ya tangu siku za Remy: reguleta hupima joto la mahali ilipo yenyewe, na hilo hulingana na joto la betri pale tu vyote viwili vinapokaa chini ya boneti moja. Betri ikiwekwa chini ya sakafu au nyuma ya viti, reguleta huihudumia kwa kukisia. Kasoro hiyo ilipata dawa kamili pale tu kipima joto kilipowekwa kwenye betri yenyewe, kama Chrysler walivyofanya kwa baadhi ya magari yao ya miaka ya 1990 kwa kukifunga chini ya sinia ya betri.